Shemeji Aliyefika Auckland kwa Mdomo

Hapa kisiwani Atiu hakuna mtu aliyefika Auckland mara nyingi kuliko shemeji yangu Ngarima, na hajawahi kupanda ndege hata siku moja. Nalisema hili mapema ili asije mtu akadai ninamsengenya. Kusengenya ni kwa siri. Mimi namsema mchana kweupe, mwenyewe anajua, na dada yangu Akaiti, aliyeolewa naye enzi zile meli zikija kuchukua machungwa, amenipa ruhusa.

Wahenga wanasema aisifuye mvua imemnyea. Wahenga hawakumjua Ngarima. Ameisifu mvua ya Auckland tangu ujana wake na hajadondokewa hata tone. Mchana utamkuta kwenye bonde la magimbi, matope hadi magotini, mikono iko Atiu lakini mdomo umeshatua ng'ambo. "Saa hizi kule," atakwambia wala hujamuuliza, "watu wanashuka kwenye treni, kila mmoja na mwavuli wake." Ukimwuliza amejuaje, anakutazama kwa huruma na kuendelea kulima.

Jioni ndiyo usiseme. Wanaume wetu wana tumunu, kikao chao cha porini: magogo ya kukalia, pipa la pombe ya machungwa katikati, na kifuu kimoja kinachozunguka kutoka mkono hadi mkono. Wanaanza kwa wimbo wa kanisani ili Mungu asipate la kusema, kisha ukulele, vigitaa vyetu vya nyuzi nne, zinatoka. Mimi si mwanachama. Mimi huenda kumfuata mume wangu, na kama huwa nachelewa kumpata, hilo ni baina yangu na yeye.

Basi siku moja nilimkuta shemeji amewashika wote masikio. Alikuwepo pia Upoko, mpwa wake, anayeishi Auckland kwelikweli na kufanya kazi kiwanda cha nyama. Alikuwa amekuja likizo.

"Asubuhi ya Auckland," anasema Ngarima, macho kayafumba, "barabara inanukia matunda. Unatembea zako tu, tunda linadondoka mkononi, hakuna wa kukuuliza."

"Barabara gani hiyo, mjomba?" Upoko akauliza.

"Ile ndefu."

"Zote ndefu. Ninapokaa mimi kuna yadi ya matairi mabovu na mbwa mmoja mkali."

"Wewe unatoka gizani kwenda kiwandani, unarudi gizani. Auckland umeiona wapi, mwanangu? Wewe unalala tu ndani yake."

Watu walicheka mpaka kifuu kikamwagika. Upoko, ambaye ana funguo za nyumba huko na kodi analipa, akaokota kifuu akakijaza upya. Nami nilicheka, siwezi kukana, maana shemeji anapokuwa kwenye safari zake mtu unatamani na wewe upate nafasi ya dirishani.

Tatizo ni kwamba alikuwa mtunzi hodari. Mwongo asiye na sauti nzuri hadhuru mtu. Ngarima alizichukua safari zake zote akazitungia wimbo wa sherehe za Agosti, zile visiwa vyote vinapokutana kisiwa kikuu, Rarotonga, kushindana kucheza na kuimba. Wimbo una kila kitu: mawingu chini ya ndege kama nazi iliyokunwa, treni inayokuita kwa jina, barabara ya matunda, baridi inayogandisha maneno mpaka uyapeleke jikoni yayeyuke ndipo usikie ulichoambiwa. Mimi ndiye kiongozi wa wachezaji wa kike, kwa hiyo ile baridi niliicheza mimi. Baridi yenyewe nilikuwa naijua kwa kufungua friza la dukani tu. Lakini mikono yangu ilitetemeka vizuri, na tukashinda. Redio ikaupiga mpaka tukauchoka. Ngarima peke yake hakusafiri na timu kwenda kushindana. Mguu ulimvimba. Ulipona ndege ilipoondoka.

Hapo ndipo tulipopaswa kushtuka. Hatukushtuka. Tulikuwa tunashangilia kombe.

Sasa nieleze jambo la majina, maana ndilo lililomtoa mtu jasho. Kwetu jina ni kumbukumbu. Mtu akisafiri, akifiwa, akipasuliwa, mtoto atakayefuata ndiye atakayebeba habari hiyo maisha yake yote. Nina mpwa wa kike anaitwa Aremaki, hospitali, kwa ajili ya nyongo ya bibi yake. Yuko jirani jina lake maana yake ni Meli Imechelewa, na kweli hana haraka na lolote. Katika ukoo wetu, mzee anayevuka bahari kwenda kumpokea mtoto ndiye mwenye jina, yeye ndiye humpa. Na Teremoana, binti pekee wa Ngarima na Akaiti, aliyeondoka akiwa msichana na hajaonekana tena ila kwenye simu, alikuwa na mimba Auckland.

Wakati huohuo kimbunga kilikuwa kimeng'oa paa la ukumbi wetu. Kijiji kikaamua kufanya kama tufanyavyo siku zote: kuunda msafara wa kuimba, kwenda kwa ndugu zetu walioko Auckland, kuwaimbia mpaka walie, na wakilia watoe paa. Mzee Tangianau, mwenyekiti wa ukumbi, akasoma majina ya wasafiri kanisani. La kwanza: Ngarima, mwenye wimbo.

Shemeji akasimama palepale, kati ya tangazo la nguruwe waliopotea na sala ya mwisho.

"Ndugu zangu," akasema, "mjukuu wangu ataitwa Rere-ki-Akarana. Aliruka Hadi Auckland. Ili hata nikifa, kila atakayemwita mtoto huyo aseme kwamba mimi nilikwenda."

Watu wakapiga makofi kanisani, jambo ambalo mchungaji wetu halipendi. Nami moyo ulinilainika, nakiri. Mtu amelima magimbi miaka yote, hana cheo, hana lori, anataka tu mjukuu mmoja atembee duniani na safari yake mdomoni mwa watu. Si dhambi.

Dada yangu Akaiti hakuwa kwenye orodha. Hakuna aliyeuliza. Nani angelisha nguruwe?

"Na wewe je, dada?" nilimwuliza mimi, tukiwa barazani kwake. Alikuwa anashona shuka la mjukuu, lile la maua ya vitambaa, mekundu juu ya kitambaa cheupe.

"Mimi nini?"

"Hutaki kwenda?"

"Baba Tere ndiye msafiri," akasema, akakata uzi kwa meno. "Mimi niko hapa. Nipitishie mkasi."

Maandalizi ya shemeji, jamani! Alirithi koti la sufu la marehemu mchungaji wa zamani akawa analivaa shambani kwenye jua la saa sita ili, alivyosema, wazoeane. Akaenda dukani kila asubuhi kuingiza kichwa kwenye friza kufanya mazoezi ya baridi. Mwenye duka alivumilia, mpaka aiskrimu ikaanza kuyeyuka.

"Papa Ngarima, toa kichwa au nunua kitu!"

"Ninasafiri, mama."

"Safiri basi, lakini funga mlango!"

Kila nyumba ikamwalika kumuaga. Anakula, anashukuru, anawaeleza wenyeji yale atakayoyaona, na kwa sababu alishayaeleza, wakawa wanamkumbusha anayoyaruka. Mpaka watoto walijua barabara ya matunda inapindia wapi.

Upoko alirudi kisiwani kutuchukua, kwa kuwa ndiye angetuongoza kule. Akaja kwenye mazoezi ya mwisho, akakaa chini, akasikiliza wimbo wote kwa mara ya kwanza tangu mwanzo hadi mwisho. Tulipomaliza akacheka, si kwa ubaya, kijana yule hana ubaya.

"Mjomba, utawaua! Ukumbi tutakaoimba uko mtaa huohuo wa matairi. Watakaosikiliza wote wanaishi pale. Wakimaliza kukusikia watakushika mkono: haya mzee, twende utuonyeshe huo mti."

Watu wakaangua kicheko. Shemeji naye alicheka. Lakini wimbo uliofuata ukulele yake ilikosea, na Ngarima hakosei, hata akiwa amelewa. Nikamtazama dada yangu. Dada yangu alikuwa anamtazama mumewe.

Kesho yake nilimfuata bondeni. Alikuwa amesimama katikati ya magimbi, koti liko mtini.

"Shemeji, una nini?"

"Sina kitu. Sikio linaniuma. Nasikia ndege haifai kwa masikio."

"Acha upuuzi."

Akang'oa gugu moja, kisha akasema, "Shemeji, na kama si hivyo?"

"Nini si hivyo?"

"Auckland." Akafuta matope mikononi, na mikono ikabaki vilevile. "Nikifika nikakuta matairi tu, nikirudi nitaimba nini?"

"Kuna binti yako kule! Kuna mjukuu! Umeenda kutafuta matunda au mtoto?"

"Najua," akasema. "Usinipigie kelele. Najua."

Nilimkasirikia, na mpaka leo hasira haijaisha yote. Mtu mzima, anaogopa mji kwa sababu aliutungia wimbo. Nikaondoka bila kuaga, nikijiambia kwamba tiketi ipo, jina liko kanisani, aibu itambeba hata kama moyo umegoma.

Siku ya kuondoka kisiwa kizima kilikuwa uwanjani. Mashada ya maua shingoni mpaka wasafiri hawaonani. Ndege inayotutoa Atiu kwenda Rarotonga ni ndogo, ingetubeba kwa mafungu, na mtu hupandi hivihivi. Unapimwa kwenye mizani wewe na mizigo yako, mbele ya watu wote. Mabinti huvua viatu. Mimi nilivua mpaka shada, na mpimaji bado akasoma uzito wangu kwa sauti. Mungu anamwona.

Akaja Ngarima. Koti mwilini, ukulele mgongoni, kapu moja la nguo na sanduku la barafu la ukubwa wa jeneza la mtoto, limejaa magimbi yaliyopikwa, kuku, na majani ya magimbi kwa tui la nazi, kwa ajili ya Teremoana. Akapanda mizani na vyote hivyo. Sindano ya mizani ilizunguka hadi mwisho ikagoma.

"Papa, umezidi," mpimaji akasema. "Acha sanduku."

Jambo jepesi kabisa. Sanduku linapanda ndege inayofuata, au halipandi. Chakula kitaliwa hapahapa, na kwa umati ule kingeliwa kabla ndege haijawasha injini. Lakini nilimwona shemeji uso unang'aa, nikajua tumekwisha.

Akashuka kwenye mizani. Akavua shada lake moja akaliweka juu ya sanduku.

"Ndugu zangu," akasema, sauti ileile ya kanisani, "binti yangu hajaonja magimbi ya bonde letu tangu alipoondoka. Mjukuu wangu yuko tumboni anayasubiri. Ndege haiwezi kutubeba wote wawili. Basi mimi nibaki. Chakula kiende!"

Sijui niwaelezeje. Watu wa kwetu mtu akijinyima kwa ajili ya chakula cha mwingine hatuna ujanja. Wazee walianza kulia. Mama mmoja alimkumbatia. Mchungaji akafumba macho akaanza sala ya sadaka ya Ibrahimu, na Tangianau mwenyekiti, badala ya kumshika mwenye wimbo wake akamtupa ndani ya ndege, alikuwa anapangusa kamasi. Upoko peke yake ndiye aliyekuwa anauliza, "Lakini si aache tu sanduku? Jamani? Si aache tu sanduku?" Akanyamazishwa.

Ngarima alisimama pale amepona. Nasema amepona, maana lile sikio halikumuuma tena.

Dada yangu Akaiti alikuwa nyuma, na kapu la mkononi na gauni lake la Jumapili, kama mke aliyekuja kuaga. Akasogea mbele. Akawapita wanaolia, akapanda mizani.

"Mama Akaiti, unafanya nini?" mpimaji akauliza.

"Magimbi hayawezi kukaa kitini peke yake. Soma."

Mpimaji akasoma. Dada yangu ni mwembamba. Yeye, kapu lake na sanduku la barafu, vyote pamoja havikumfikia mumewe na koti.

"Akaiti," Ngarima akasema, "huna pasi."

Akatoa pasi kutoka kwenye kapu. Si ya zamani. Ilikuwa mpya, na picha yake ndani imemtoka vizuri kuliko zetu.

"Tangu lini?"

"Tangu Tere alipoondoka, Baba Tere. Kila ikiisha muda naitengeneza tena. Hukuwahi kuniuliza. Ulikuwa safarini."

Hakusema kwa ukali. Angesema kwa ukali ningefurahi zaidi. Tangianau akapiga simu Rarotonga kwa binamu yake wa ofisi ya tiketi, kwa kuwa tiketi zilikuwa za kikundi, na jina likabadilishwa sisi tukiwa bado tunabishana. Ngarima alimsaidia mkewe kupakia sanduku. Kisha alivua koti akamvika yeye, na hilo nalihesabu upande wake mzuri.

Auckland ni matairi. Siwadanganyi. Ni matairi, na magari, na ukuta, na ile baridi haigandishi maneno, inagandisha pua tu. Ukumbi ulijaa watu wetu, wengine wametoka kazini na makoti ya kiwandani. Nilipoinuka kucheza nikawa nangoja wacheke tutakapofika kwenye barabara ya matunda.

Hawakucheka. Mzee mmoja dereva wa lori alianza kulia pale wimbo unapotaja treni, na tulipofika kwenye matunda ukumbi mzima ulikuwa umesimama, wanaimba na sisi, maneno wanayajua yote kwa redio. Walitutaka turudie, tukarudia, wakataka tena. Yule dereva alinishika mkono baadaye.

"Hiyo ndiyo Auckland niliyoijia hapa," akaniambia. "Huyo mtunzi yuko wapi nimsalimie?"

"Alibaki," nikasema. "Aliumwa sikio."

Paa letu lilipatikana, bati na mbao, na chenji ya rangi. Na Teremoana alijifungua salama, mtoto wa kiume, mapafu ya babu yake. Wa kwanza kumshika baada ya mkunga alikuwa Akaiti. Alimfunga kwenye lile shuka la maua mekundu akakaa naye muda mrefu.

Mchana tukampigia simu ya picha Ngarima. Alikuwa barazani pa duka, ambako mtandao unashika, na nyuma yake nusu ya kijiji ikisukumana kuona. Amevaa shati la kanisani.

"Nionyesheni! Ah! Mtazameni! Mmemwona kichwa? Kichwa changu hicho!" Akageukia watu nyuma yake. "Rere-ki-Akarana huyo! Si niliwaambia?"

"Nani aliruka, Baba Tere?" Akaiti akauliza.

Kelele za barazani zikapungua.

"Jina lilishatangazwa kanisani," Ngarima akasema.

"Lilitangazwa. Lakini aliyevuka ni mimi, na jina ni langu. Nimeshampa. Anaitwa Noo-ki-Atiu."

Noo-ki-Atiu maana yake ni Alibaki Atiu. Niliona kwenye kioo cha simu jinsi kila mtu barazani alivyogeuka kutazama pembeni, hata wale waliolia uwanjani. Hasa wale.

"Akaiti," akasema polepole. "Mtoto ataulizwa maisha yake yote kwa nini anaitwa hivyo."

"Ataulizwa."

"Atajibu nini?"

"Kwamba babu yake alikuwa na tiketi."

Nilidhani atakata simu. Nilidhani ataanza hotuba, na nilikuwa tayari kumjibu, maneno nilishayapanga. Hakufanya lolote kati ya hayo. Alikaa kwenye kreti la soda, simu karibu na uso mpaka tukawa tunaona jicho moja tu na nusu ya pua.

"Hebu mwite," akasema. "Nisikie linavyotoka."

Dada yangu akainama. Akasogeza shuka, akaweka mdomo karibu na sikio la mtoto, akaita kwa sauti yake ya nyumbani, ile anayoitia watu waje kula.

"Noo-ki-Atiu!"

Mtoto alikuwa amelala, hakutikisika. Aliyeitika ni Ngarima.

"Naam," akasema.